Pigeni kafi, lakini kwa madaha

Jumapili moja baada ya misa, mtoto wa kaka yangu alisogeza simu karibu na sahani yangu ya bugali akasema, "Shangazi, ona hawa wanawake. Mashua inazama na hawataki kushuka."

Nikaangalia. Ilikuwa video ya mashindano ya mashua ya Oxford na Cambridge, vyuo vikuu viwili vya Uingereza, mwaka 2016, katika mto Thames pale London. Upepo mkali, mto umechafuka, na mashua ya Cambridge imejaa maji hadi huwezi kuona ubavu wake. Wanawake wanane wamekaa kama wamo ndani ya beseni. Mwamuzi anawafuata kwa boti ya mashine, anawaambia wasogee pembeni. Yule wa tisa, mdogo wa mwili, anayeshika usukani, anainua mkono kuonyesha amesikia. Halafu wanaendelea kuvuta. Oxford walikuwa wameshakwenda zao. Mshika usukani wao aliyaacha mawimbi ya katikati mapema, akatafuta maji yaliyotulia kando. Cambridge walifika mwisho nyuma kabisa, wamelowa, lakini walifika.

Kijana hakushangazwa na maji. Mtoto wa Bukavu haogopi pirogi inayovuja. Kilichomshinda ni kitu kingine: "Mbona wamegeuza mgongo wanakokwenda?"

Nikaacha kula nikamweleza, maana mimi ni mwalimu na ugonjwa huo hauna dawa. Kafi la kwetu halijafungwa popote. Unalishika kwa mikono miwili, unalichoma majini mbele yako, unalivuta hadi kiunoni, kwa hiyo lazima utazame mbele. Kasia la wale ni refu kupita watu wawili, limeshikizwa kwenye chuma ubavuni mwa mashua, linafanya kazi kama mtarimbo wa kung'olea jiwe. Nguvu inatoka kwenye mapaja na mgongo. Hata kiti wanachokalia kina magurudumu madogo, kinakwenda mbele na kurudi nyuma ili miguu isukume vizuri. Kwa kuvuta namna ile huwezi kutazama unakokwenda. Mwenye kuona njia ni mmoja tu, yule wa nyuma anayepiga kelele.

"Basi wanane wanamwamini mmoja," akasema. Akarudi kwenye sambaza zake, wale dagaa wetu wa ziwa Kivu.

Usiku umeme ulirudi saa nne. Nikachaji simu nikaanza kusoma habari za mashindano hayo, nikirudi nyuma mwaka kwa mwaka, hadi nikafika walipoanzia wanawake. Nililala saa nane. Nataka kueleza kilichonikesha.

Wanaume wa vyuo hivyo viwili walishindana mara ya kwanza mwaka 1829. Wanawake walisubiri hadi tarehe 15 Machi 1927, tena si London bali Oxford kwenyewe, katika kipande cha Thames ambacho wenyeji wa pale wanakiita Isis. Sasa sikilizeni jinsi yalivyopangwa. Mashua mbili hazikuruhusiwa kuwa majini kwa wakati mmoja. Wakubwa wa vyuo vya wanawake hawakutaka kuona wasichana wanakimbizana bega kwa bega mbele ya watu. Kwa hiyo kila timu iende peke yake. Kwanza wateremke na maji, waamuzi wakiangalia mtindo: wanakaaje, wanavutaje, wanapendeza au hawapendezi. Halafu wapande dhidi ya maji kwa nusu maili, yaani kama mita 800, na hapo ndipo saa ishikwe.

Mimi hiyo naiita alama za madaha. Sijui neno lingine.

Na mambo yakawaharibikia waamuzi kwa namna iliyonifurahisha sana: kwenye madaha walishindwa kuamua. Waliwatazama hawa, wakawatazama wale, wakaona wako sawa. Ikabidi warudi kwenye saa, ambayo haijali umekaaje. Oxford walishinda kwa sekunde 15. Muda wao ulikuwa dakika 3 na sekunde 36.

Watu walifika wengi. Gazeti la Times la London liliwaona watu hao kando ya mto kuwa umati mkubwa wenye uhasama. New York Times likaona watu 5,000 waliokuja kushangilia kwa moyo. Mto ni ule ule, siku ni ile ile. Ningependa kujua mwandishi wa kila gazeti alisimama upande gani wa mto, au pengine alikuwa ameambiwa nini na mhariri wake kabla ya kutoka ofisini. Ninachokijua kwa uzoefu ni kwamba umati unaweza kuwa vyote viwili. Nitaeleza.

Lakini kwanza hili. Timu iliyoitwa Cambridge haikutoka Cambridge nzima. Ilitoka koleji moja tu ya wanawake, Newnham, iliyoanzishwa mwaka 1871. Na chuo kikuu cha Cambridge, wakati huo wasichana wanavuta makasia kwa jina lake, kilikuwa hakijawakubali kuwa wanachuo kamili. Oxford walianza kuwapa wanawake digrii mwaka 1920. Cambridge walingoja hadi 1948. Msichana wa Newnham mwaka 1927 angeweza kusikiliza mihadhara, kufanya mitihani, kufaulu kuliko kaka zake, na bado digrii yake isiwe digrii kama ya wengine. Kabla ya hapo, mwaka 1897, jambo hilo lilipopigiwa kura, wanafunzi wa kiume walitengeneza sanamu la mwanamke akiwa juu ya baiskeli wakalining'iniza dirishani katikati ya mji, watu walitazame. Kura ikakataa. Nilipoona picha ya sanamu lile nilizima simu kidogo. Baiskeli! Yaani kosa la yule mwanamke wa matambara ni kwamba alitaka kufika mahali bila kusukumwa na mtu.

Kwetu Kongo, Sophie Kanza alihitimu chuo kikuu cha Lovanium mwaka 1964, mwanamke wa kwanza Mkongomani kumaliza masomo hayo, na mwaka 1966 alikuwa waziri. Kati ya Cambridge kukubali wanawake na Kanza kuhitimu ni miaka 16 tu. Wakati mwingine tunawahesabia wenzetu karne ambazo hawana.

Sasa madaha.

Koko yangu mzaa mama alizaliwa Idjwi, kisiwa cha katikati ya ziwa Kivu. Kabla hajaolewa alikuwa akivuka na nanasi kwenda soko la Kalehe, yeye na dada yake, pirogi moja, makafi mawili. Wanaoijua Idjwi wanajua kwamba huko kafi halina jinsia. Maji yamekuzunguka pande zote, utangoja nani akuvushe? Nilipokuwa na miaka kumi alinipeleka kwao likizo ya shule akanifundisha. Hakunifundisha kwa maneno mengi. Alikaa nyuma, mimi mbele, na kila kafi langu lilipogonga ubavu wa pirogi, ko, alininyunyizia maji mgongoni. Maji ya Kivu asubuhi si ya mchezo. Siku ya tatu sikugonga tena.

"Ukisikia mtumbwi unaongea," alisema, "ujue unamchosha."

Hayo ndiyo madaha ninayoyajua mimi. Kafi linaingia bila kurusha maji, linatoka bila kuburuta. Mgongo umenyooka kwa sababu ukiupinda utaumwa kabla ya kufika Kalehe. Wawili mnachoma pamoja kwa sababu mkipishana pirogi inayumba kama mlevi. Mtu akisimama ufukoni ataona uzuri, ni kweli, lakini uzuri huo ni mwendo wenyewe, haukuwekwa juu yake kama losheni. Wavuvi wa sambaza wanapotoka jioni na zile pirogi zao tatu zilizoungwa kwa miti mirefu ya mikalatusi, wakiimba, makafi yote yanaingia mara moja, watu wa Muhumba wanasimama kuangalia. Hakuna aliyewaambia wavuvi wapendeze. Wanawahi samaki kabla giza halijashika, wawashe taa zao.

Kwa hiyo sisemi kwamba mtindo ni upuuzi. Hata makocha wa wanaume wanauhubiri kutwa. Ninachosema ni kwamba ukitaka kuujua mtindo, shika saa. Kumpima mtu madaha kando, mwendo kando, ni sawa na kumpa mpishi alama za jinsi anavyoshika mwiko na kuacha kuonja sombe.

Na hili silisemi kutoka vitabuni. Nililipia.

Mwaka 2006, mwaka wa ule uchaguzi mkubwa, nilikuwa mwanafunzi hapa Bukavu. Mwezi wa tatu, kama kawaida, tarehe 8, siku ya wanawake, ilikuja na vikwembe vyake, yaani vitenge, na maandamano yake, na mtu mmoja katika komite ya sherehe akatoa wazo kwamba Jumamosi itakayofuata wasichana wa chuo chetu washindane kwa pirogi na wasichana wa chuo kingine, ambao kila mwaka tulikuwa tunagombana nao kwenye basketi. Sivitaji vyuo hivyo. Sisi tulikuwa wa kilimani, wao wa chini kando ya maji, inatosha.

Wasichana sita wa kupiga kafi, mmoja wa kushika nyuma. Walipouliza nani anajua ziwa, wenzangu walinisukuma mbele kwa sababu ya koko. Katika sita wetu, wawili hawakujua kuogelea, na jile za kuokoa maisha zilikuwa nne. Mmoja wa wale wawili, rafiki yangu wa chumba kimoja, alisema atapanda, ila asiwekwe karibu na mtu muoga.

Tulikwenda moja moja kama wale wa 1927, lakini sababu yetu haikuwa haya. Pirogi nzuri ilikuwa moja. Mwenyewe, mvuvi wa Ndendere, alikataa siku mbili nzima kwa kuwa wanawake saba wakipanda pirogi, sambaza watakimbia mwezi mzima. Dola kumi zikamtoa hofu. Aliweka sharti la mwisho: tusimwagie sabuni. Hadi leo sijaelewa alidhani tunakwenda kufanya nini.

Njia ilikuwa hivi: kutoka ufukoni hadi bidoni, yaani dumu, ya manjano iliyofungwa kwa kamba na jiwe kule mbele, kuizunguka, kurudi. Saa ilikuwa ya mkononi, ya mwalimu mmoja wa hesabu.

Halafu, tukiwa tumeshavua viatu, mzee wa komite akafungua karatasi. Alama 20 za mwendo. Alama 20 za mavazi na adabu. Alama 10 za umoja. Vikwembe lazima, visipande juu ya goti.

Jaribu wewe kukaa ndani ya pirogi, magoti yamebanwa mbele, na kikwembe kilichofungwa vizuri kama unakwenda harusini. Wale wa chini walifanya hivyo. Walikwenda kwanza. Walipendeza, siwezi kudanganya. Vitambaa vya kichwa vya rangi moja, migongo imenyooka, wanaimba wimbo wa kanisa taratibu, na pirogi inakwenda mwendo wa maiti. Kwenye bidoni walizunguka kwa mduara mpana ambao ungetosha kupitisha meli ya Goma. Watu walipiga makofi.

Zamu yetu ilipofika nilitazama ng'ambo, upande wa Rwanda, nikachagua nyumba moja yenye bati jekundu iliyokuwa sawasawa nyuma ya bidoni. Hilo nalo ni la koko: mwenye kushika nyuma haangalii maji, anaangalia kitu kisichotembea. Nikawaambia wenzangu wafunge vikwembe kama tunakwenda kulima, pindo lipite katikati ya miguu lichomekwe nyuma. Rafiki yangu akasema, "Watatukata alama." Nikamwambia, "Watakuwa nyuma yetu, wataona nini?"

Waliona yote, bila shaka. Ufuko wote uliona.

Mpigo wa kwanza tulikuwa hovyo. Wa tano tukaanza kushikana. Nilikuwa nahesabu kwa sauti, moja, mbili, moja, mbili, na yeyote aliyechelewa nilimtaja kwa jina, na mmoja nilimtaja kwa jina la mama yake. Kuelekea bidoni upepo uligeuka, si mkali, lakini ulitosha kuturushia maji, na yule wa nne akaacha kafi akachukua bidoni iliyokatwa akaanza kutupa maji nje. Tukabaki watano. Nilitaka kumwambia arudi kwenye kafi, nikaona maji yamefika vifundoni, nikanyamaza. Tulizunguka ile bidoni karibu sana hadi aliyekaa mbele aliigusa kwa kiwiko. Kurudi, hata kelele sikupiga tena kwa dakika nzima. Makafi yote matano yalikuwa yanaingia kwa sauti moja na pirogi ilikuwa imenyamaza kabisa. Nilikumbuka yale maji ya mgongoni.

Ule umati sasa. Wavulana wa chuo chetu walikuwa wanashangilia. Wavulana wale wale walikuwa wanacheka mapaja. Mama mmoja muuza ndizi alipiga vigelegele hadi akaacha ndizi zake, na mama aliyekuwa kando yake alikuwa akitikisa kichwa, mkono mdomoni. Ungeniuliza jioni ile kama watu walikuwa na sisi au dhidi yetu, ningekujibu kufuatana na nani nilikuwa namkumbuka saa hiyo.

Mwalimu wa hesabu alisoma saa yake. Tulikuwa tumewapita mbali. Halafu karatasi ikafunguliwa tena na alama zikasomwa. Mwendo, tulipata zote. Umoja, tulikatwa kwa sababu mmoja aliacha kafi, yule yule aliyetuzuia kuzama. Mavazi na adabu tulipata 4 kati ya 20, na mzee akaeleza kwa upole, kama anatoa mahubiri, kwamba mshika usukani wa kilimani alitoa sauti zisizomfaa msichana wa chuo. Zawadi zikaenda chini: vikwembe saba vya buluu vyenye ndege wa manjano, kimoja kwa kila msichana, na kreti mbili za sukre. Sukre walitugawia. Nilikunywa Fanta yangu nimegeuka kutazama ziwa.

Hivyo mnaelewa kwa nini usiku ule sikulala. Sikuwa nawahurumia wale wasichana wa 1927. Nilikuwa nawaonea wivu waamuzi wao! Angalau wao walifika mahali pa kusema: hatuwezi, leteni saa.

Baadaye mambo ya kule yalikwenda polepole mno. Mashua mbili hazikuwekwa majini pamoja, ubavu kwa ubavu, hadi mwaka 1935. Katika miaka ya 1950 mashindano yalikufa kabisa, fedha hazikuwepo, yakafufuka 1964. Mwaka 1977 yakahamia Henley, mto ule ule lakini mbali na London, njia fupi, watazamaji wachache. Wanaume waliendelea na njia yao ya London, kutoka Putney hadi Mortlake, kilomita 6.8, televisheni zote zimewaelekea. Michezo ya Olimpiki nayo haikuwapokea wanawake wapiga makasia hadi Montreal mwaka 1976, tena kwa mita 1,000, nusu ya wanaume. Mita 2,000 walipewa kuanzia Seoul 1988. Kumbuka pia kwamba mwaka mmoja tu baada ya ile siku ya Isis, kwenye Olimpiki ya 1928, wanawake walikimbia mita 800, watu wakasema wamechoka vibaya, na mbio hizo zikafutwa kwao hadi 1960. Mwanaume akianguka mwishoni mwa mbio ni shujaa. Mwanamke akilala chini kupumua ni ushahidi.

Kilichowarudisha London, naomba niseme bila kuzunguka, ni pesa. Helena Morrissey, mwanamke aliyekuwa anaongoza kampuni ya uwekezaji iliyodhamini mashua za wanawake, alisimama kwenye hoja moja: wanawake wapate sawa na wanaume. Tarehe 11 Aprili 2015, kwa mara ya kwanza, wakapita njia ile ile siku ile ile na wanaume. Oxford walishinda kwa urefu wa mashua sita na nusu. Ndani yao alikuwemo Caryn Davies, Mmarekani aliyekuwa tayari na dhahabu mbili za Olimpiki. Kutoka 1927 hadi 2015 ni miaka 88. Koko yangu hakufikisha miaka hiyo, na alikuwa mzee.

Lakini nilisema nitaeleza kilichonikesha, na sijamaliza.

Katika shule ninayofundisha sasa yuko mwalimu wa Kifaransa. Tumekaa benchi moja katika chumba cha walimu miaka tisa. Tunaazimana chaki, tunachangiana misiba, mwanangu wa pili ni mtoto wake wa ubatizo. Mwaka 2006 alikuwa mbele kabisa katika pirogi ya wale wa chini, kitambaa kichwani, akiongoza ule wimbo. Kikwembe chake cha buluu chenye ndege anacho hadi leo. Kimepauka, alikishonea mapindo mapya, na baadhi ya Ijumaa anakivaa kuja kazini. Hajawahi kusema neno, nami sijawahi kuuliza. Nasema tu, "Mama Neema, leo umependeza," naye anasema, "Asante, mama."

Ijumaa iliyofuata ile Jumapili ya video alikuwa amekivaa. Wakati wa mapumziko nikamwonyesha simu, nikamsimulia Isis, mashua moja moja, alama za mtindo, waamuzi kushindwa, sekunde 15. Alisikiliza akimenya yai. Alipomaliza kulimenya alilishika tu, hakulila.

"Sekunde kumi na tano," akasema. "Ninyi mlitupita kwa nusu dakika na zaidi. Nilikuwa nimesimama karibu na yule mwalimu, niliiona saa."

Nikamwomba arudie.

"Umesikia," akasema, akaniwekea nusu ya yai juu ya daftari langu la maksi, na kengele ikalia.